Gari la zamani na gari la sasa: tunabishania nini hasa?

1/ Mjadala wa magari ya mitumba ukianza hapa Kenya, hakosi mtu wa kusema: "Magari ya zamani ndiyo yalikuwa magari. Chuma tupu!" Halafu kuna anayeahidi kuturudisha huko. Sitaji mtu wala chama. Tuchukue gari moja, Peugeot 504, tuone.

2/ Ilitoka Ufaransa 1968, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978. Ilikuwa ikiunganishwa hapa hapa Kenya, na ile ya nyuma ndefu ilibeba abiria kati ya miji. Wazee bado wanaiita "Pijo". Ilipendwa kwa sababu ilivumilia barabara mbovu na fundi wa jua kali aliielewa. Kabureta ikiziba, inafunguliwa, inasafishwa, safari inaendelea.

3/ Gari la sasa, petroli inapimwa na kompyuta. Ndio maana linakunywa kidogo na moshi wake ni afadhali. Lakini taa ya injini ikiwaka, fundi asiye na mashine ya kuisoma hiyo kompyuta anabahatisha tu. Unanunua spea tatu kabla ile mbovu ipatikane, na pesa ni zako.

4/ Na hiyo "chuma tupu"? Mwaka 2009 kule Marekani waligonganisha Chevrolet mbili kwa makusudi, zikiwa na sanamu ndani: Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Bel Air ilibondeka mpaka kwa dereva. Angekuwa mtu, asingepona. Malibu ilikunjika mbele, lakini pale anapokaa dereva pakabaki pazima. Gari la sasa hukunjika mbele makusudi, ili kishindo kiishie kwa boneti, sio kifuani mwako.

5/ Kazi je? Hapo wazee wana hoja. Miaka ya 70 tulipata viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ya Japani ikaingia kwa bei ambayo gari jipya halingeiweza. Mwalimu na nesi wakapata gari. Kijana wa kiwandani akakosa kazi. Yote mawili ni kweli, na ndio maana ile sheria ya miaka 8 kwa magari ya mitumba haiishi kuzua kelele.

6/ Kwa hivyo mimi sitamani Pijo irudi. Ninachotamani ni vile vitu viwili ilivyokuja navyo: kazi ya kuiunganisha na fundi wa mtaani anayeiweza. Hivyo haviletwi na gari kuukuu.

7/ Mtu akija na ahadi ya magari, muulize: vipande vingapi vitatengenezwa hapa? Fundi wa jua kali atafunzwa wapi, na mashine atainunua na nini? Mitumba ikipanda bei, mwalimu atanunua gari gani? Asipojibu, hiyo ni hadithi ya zamani tu.