Kuni, Maji na Petroli: Hesabu ya Safari ya Fungurume hadi Sankisia, 1915

Makala haya yanahusu hesabu inayofanywa kabla gari halijaondoka. Mtu wa Dilala anapokusudia kwenda Lubumbashi kwa gari lake, swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake si saa ya kuondoka, bali ni lita ngapi zimo ndani. Njia hiyo, inayopitia Fungurume na Likasi, ina urefu wa kilomita 300 hivi. Gari dogo linalotumia lita 10 kwa kila kilomita 100 litahitaji lita 30 za kwenda na 30 za kurudi, na mwenye busara huongeza lita 10 za tahadhari, maana foleni ya malori haionekani katika ramani. Kisha huja swali la pili, ambalo ndilo gumu: je, mafuta ya kurudi atayanunua huko aendako, kwa bei asiyoijua, au atayabeba? Akiyabeba, gari litakuwa zito, na gari zito hunywa zaidi.

Swali hili la pili ni la zamani katika nchi yetu ya Lualaba. Mwaka 1915 liliulizwa papo hapo Fungurume na watu waliotaka kuvusha vyombo viwili vya vita juu ya milima ya Mitumba. Kisa chenyewe kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama kituko cha Waingereza. Sisi tutakitazama kwa upande wa kuni na maji.

Msafara na mpango wake

Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Mwezi wa Aprili 1915 mwindaji mmoja aliyeitwa John R. Lee, aliyeyafahamu maeneo haya, aliishauri Idara ya Jeshi la Wanamaji huko London ipeleke ziwani mashua za kasi zenye injini kwa kupitia kusini mwa Afrika na Kongo ya Wabelgiji. Ushauri wake ulikubaliwa. Mashua mbili, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, ziliondoka Uingereza mwezi wa Juni chini ya uongozi wa Geoffrey Spicer-Simson, naye akazipa majina ya Mimi na Toutou. Toka Cape Town zilibebwa kwa reli hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwanzoni mwa Agosti zikafika Fungurume.

Hapo reli iliishia. Kipande kingine cha reli kilianzia Sankisia, upande wa kaskazini, kikashuka hadi Bukama kwenye mto Lualaba. Katikati palikuwa na pengo la kilomita 235 hivi za pori, mabonde na milima. Reli ilikuja kufika Bukama mwaka 1918, kwa hiyo lau vita vingesubiri miaka mitatu tu, kisa hiki kisingekuwapo.

Kuvuka pengo hilo zililetwa mashine mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa ya chuma, za aina iliyotumika mashambani kuvuta majembe na matela. Pamoja nazo walikusanywa maksai kwa makumi. Lee alikuwa ametangulia kuitafuta njia na kuisimamia kazi ya kuifyeka, ila hakupata kuiona safari yenyewe: alikosana na wakubwa wake akaondolewa. Msafara uling'oka Fungurume Agosti 18 ukafika Sankisia Septemba 28. Ukizigawa kilomita kwa siku, utaona kwamba mwendo wao haukutimiza kilomita 6 kwa siku. Mtu mzima mwenye afya hutembea masafa hayo kabla jua halijawa kali.

Mashine inayokula na kunywa

Inafaa tutue hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha hesabu. Gari la siku hizi hubeba chakula chake tumboni. Mashine ya mvuke haikuwa hivyo. Ilihitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, kuni na maji, na vyote viwili ni vizito kuliko kazi vinayoifanya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na boila likikaukiwa huku moto unawaka, huharibika au hupasuka. Mwenye kuiendesha hakuweza kubahatisha. Kila kituo kilipasa kuwa na kuni zilizokwisha kukatwa na maji yaliyokwisha kuchotwa kabla mashine haijafika.

Kuni hazikuwa tatizo kubwa, kwani pori la miyombo lilikuwa pande zote. Maji ndiyo yaliyokuwa tatizo, na hapo waliopanga safari walinaswa katika mtego ambao kila dereva wa Katanga anaujua. Ilikuwa lazima msafara uvuke kabla ya mvua, maana mvua zikianza, tope lingezimeza mashine hizo zenye uzito wa tani nyingi na vijito vingeyazoa madaraja, ambayo yalizidi mia moja na yalijengwa kwa magogo tu. Kwa hiyo walichagua Agosti na Septemba, wakati ardhi ni ngumu. Lakini ardhi huwa ngumu kwa sababu imekauka! Miezi ile ile inayoifanya njia ipitike ndiyo inayovikausha visima na vijito. Kwa maneno mengine, walipata barabara wakakosa kinywaji cha mashine.

Mlimani mashine ziliposhindwa, maksai walifungwa kamba zilizopitishwa katika makapi yaliyofungiwa kwenye miti, nao wakivuta kuelekea chini ili mashua ipande juu. Huko kwenye nyanda za juu maji yaliadimika hata ya kunywa yakawa yanagawiwa kwa kipimo. Ndipo walipoajiriwa wanawake wa vijiji vya jirani wachote maji mbali na kuyaleta kwa vyungu na vibuyu kichwani, wakayamimine katika mashine.

Jambo jingine halina budi kutajwa. Mimi na Toutou zilikuwa na injini za petroli. Petroli hiyo nayo ilisafirishwa nchi kavu pamoja na mashua, ndani ya vyombo vyake, wala haikuisogeza safari hata hatua moja kati ya Fungurume na Sankisia. Ilikuwa mzigo mtupu, tena mzigo wa kuogopwa, kwani mashine za kuni hutema cheche na majani ya Septemba hushika moto kwa jambo dogo. Basi miti ilichomwa ili kubeba petroli, na wanawake walibeba maji ili miti iweze kuchomwa. Petroli yenyewe iliachiwa kazi ziwani tarehe 26 Desemba 1915, Mimi na Toutou zilipoiteka meli ya Kijerumani Kingani kwa mapigano ya dakika chache.

Kuhusu maneno

Kwa kuwa jarida letu ni la lugha, tunaomba ruhusa ya kugeukia maneno yenyewe. Neno gharama tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya faini au fidia inayomlazimu mtu. Nauli nayo ilipitia Kiarabu ikitokea mbali zaidi, katika Kiyunani, na huko ilikuwa malipo ya chombo cha baharini. Kwa hiyo maneno yetu ya hesabu ya safari yalikuja na biashara ya pwani. Maneno ya vitu vinavyochomwa yana asili mbalimbali. Kuni ni neno la Kibantu la kale sana, na lugha nyingi za jamii hiyo zinalo kwa umbo la kufanana. Petroli ni ya Ulaya. Kwetu Kolwezi tunasema esansi na mazutu, tukifuata Kifaransa, ilhali ndugu zetu wa Tanzania husema petroli na dizeli. Neno mafuta limebaki juu ya yote likiyafunika: mafuta ya mawese, ya taa na ya mutuka, yote ni mafuta.

Tumefikiri sana pia juu ya kauli ya kutendwa. Sarufi ya Kiswahili humruhusu msemaji aseme "kuni zilikatwa, maji yaliletwa" kisha anyamaze. Si lazima aongeze "na fulani". Masimulizi ya msafara huu, katika lugha yoyote yatakavyosimuliwa, hukaa vizuri sana katika kauli hiyo. Maafisa wanatajwa kwa vyeo vyao. Mashua zina majina, tena ya mzaha. Mashine zimehesabiwa, nazo ni 2. Wanawake wa Mitumba hutokea mara moja katika kisa, kama mvua iliyonyesha kwa wakati wake, kisha hutoweka. Kwa maoni yetu, hilo si kosa la uandishi tu. Ni kosa la hesabu. Mhasibu anayeandika bei ya makaa na kusahau mshahara wa anayeyapakia amekosea jumla yake, hata kama tarakimu alizoziandika ni sahihi zote.

Hapa atatokea wa kutupinga kwamba wanawake hao waliajiriwa, basi walilipwa, na deni limekwisha. Huenda walilipwa. Lakini hoja yetu ni kwamba bila wao mpango ulikuwa haukamiliki, na hakuna aliyewaweka katika mpango. Walitafutwa pale boila lilipokaribia kukauka.

Baada ya msafara

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Mwaka 1931 reli kati ya Tenke na Dilolo ilikamilika, ikaiunganisha Katanga na bandari ya Lobito, na kandokando ya reli hiyo Union Minière iliujenga mji wa Kolwezi kuanzia 1937. Katika miaka ya 1950 sehemu ya reli yetu ilianza kuendeshwa kwa umeme wa maporomoko ya maji, ukiwemo ule wa bwawa la Nzilo lililo kwenye mto Lualaba karibu na Kolwezi. Kwa muda fulani, basi, safari zetu hazikuhitaji kubeba kuni, wala makaa, wala mafuta, na maji yale yale yaliyowatesa watu wa 1915 yakawa ndiyo yanayozungusha magurudumu. Jirani zetu wa Zambia hawakubahatika hivyo. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mapipa ya mafuta yalipelekwa Zambia kwa ndege kutoka Dar es Salaam na Léopoldville, na kila ndege ilikunywa njiani sehemu kubwa ya kitu kile kile ilichokipeleka. Nafuu ilipatikana bomba la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilipofunguliwa mwaka 1968.

Reli yetu ilipodhoofika katika miaka ya 1990, tulirudi barabarani. Mafuta ya Kolwezi huja kwa malori yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, mengi yakitokea bandari za Bahari ya Hindi, na kila kilomita ya njia hiyo imo ndani ya bei ya lita moja. Panapokosekana kituo cha mafuta, wapo vijana wanaouza kando ya njia kwa chupa na mabidoni. Watu huwaita Kadafi, kwa jina la mtawala wa zamani wa Libya, nchi yenye mafuta mengi.

Mwenye gari wa Dilala tuliyemtaja mwanzoni huishia kuwatia Kadafi katika hesabu yake. Akipita Fungurume hupunguza mwendo kwa sababu ya malori ya mgodi, na kandokando ya barabara huwaona wanawake wakitoka kuchota maji, kila mmoja na bidoni la manjano kichwani. Bidoni hilo likijaa lina lita 20, yaani kilo 20. Yeye hupiga honi wampishe, kisha huitazama sindano ya mafuta.