Mifongo ya Kilimanjaro: Ukame na Haki ya Maji

Kabla ya ukoloni, Wachagga walichimba mifongo ya kuteremsha maji ya mito ya mlimani hadi kwenye vihamba na mashamba ya ulezi. Msingi wake ulikuwa kazi: asiyeshiriki kusafisha mfongo hakustahili zamu ya maji.

Walowezi walipotwaa ardhi, mito ilipata bwana mwingine. Wakoloni wakawalaumu Wachagga kwamba wanapoteza maji, huku mashamba makubwa yakiyataka maji yale yale. Sheria ya mwaka 1974 iliyafanya maji kuwa mali ya Taifa.

Lakini sheria peke yake haitoshi. Mradi wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, ulitegemea mito ya Njoro na Rau. Mavuno ya mpunga yalipopanda, wakulima wa juu ya mradi nao wakalima mpunga. Wa chini wakapungukiwa maji. Hapo hapakuwa na mlowezi wa kulaumiwa.

Fundisho ni wazi. Mvua ikikosekana mto hupungua, lakini nani akose maji huamuliwa na watu. Wajibu wa kada ni kuwakutanisha wakulima wa juu na wa chini wapange zamu kabla ya kiangazi, si kusuluhisha ugomvi baada ya mpunga kukauka.