Taarifa binafsi za wateja katika biashara ndogo za kazi za mikono

Taarifa binafsi za wateja katika biashara ndogo za kazi za mikono ni majina, namba za simu, anwani, vipimo vya mwili, picha na kumbukumbu za malipo ambazo fundi cherehani, msusi wa vikapu, mchongaji au muuzaji wa bidhaa zao hupokea kwa mnunuzi na kubaki nazo baada ya mauzo. Nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nchini Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022. Misingi inayoibana benki katika sheria hizo ndiyo inayoibana karakana ya watu wawili, ingawa masharti ya usajili yanatofautiana.

Taarifa zinazokusanywa

Chombo cha zamani kuliko vyote ni daftari la oda. Ukurasa mmoja wa fundi cherehani huwa na jina la mteja, namba ya simu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, malipo ya awali na siku ya kuchukua nguo. Mara nyingi shughuli yenyewe nayo huandikwa: kicheni pati, harusi, arobaini. Mwenye kulisoma anajua umbo la mwanamke ambaye hajawahi kumwona, anajua kama bado anadaiwa, na anajua siku ambayo watu wa nyumba hiyo watakuwa ukumbini. Daftari lenyewe hushinda juu ya meza ya cherehani, wazi, mbele ya kila anayesubiri kupimwa.

Biashara ya mtandaoni imelihamishia daftari hilo kwenye simu. Muuzaji wa batiki au vikapu huweka picha bila bei, na anayeuliza huambiwa, "Njoo inboksi, mpenzi." Huko hutolewa namba, kisha mahali pa kupeleka mzigo: kushoto baada ya kituo, geti jeusi mkabala na duka la Mangi, ukifika piga honi. Ujumbe huohuo hutumwa kwa bodaboda, na mzigo ukishafika unabaki kwenye simu tatu. Mnunuzi anayelipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya Machi 2007 na Tanzania 2008, humwachia muuzaji jina lake hata kama hakuulizwa. Safaricom, inayoendesha huduma hiyo nchini Kenya, imepunguza kinachoonekana kwa kuficha baadhi ya tarakimu za namba ya mteja katika malipo ya madukani.

Mauzo ya nje yanadai zaidi. Kifurushi cha posta kinachovuka mpaka hubandikwa fomu ya forodha, CN 22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN 23 kwa vya thamani kubwa. Fomu hiyo hutaja kilichomo na bei yake, na kila anayekishika njiani huisoma pamoja na jina na anwani ya mpokeaji. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya unataka maelezo hayo yatangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika, kwa hiyo mchongaji anayetuma kinyago kimoja Ujerumani ana taarifa za mteja wake kwenye karatasi, kwenye kompyuta ya posta na kwenye mifumo ya forodha ya nchi nyingine. Hapa hana hiari. Penye hiari ni kwenye nakala anayobaki nayo yeye.

Katika maduka ya vinyago na picha za Tingatinga yanayotegemea watalii kuna pia kitabu cha wageni, ambamo jina, nchi na barua pepe ya kila aliyetangulia husomwa na anayefuata.

Njia za kuvuja

Mijadala kuhusu usalama wa data hupenda kuzungumzia wadukuzi. Kwa fundi mdogo, hatari iliyo karibu zaidi ni simu kuibiwa kwenye daladala, simu kupelekwa kwa fundi simu pamoja na nywila yake, au simu ya biashara kuchezewa na watoto nyumbani. Nyingine ni msaidizi kuacha kazi na kuondoka na namba zote za wateja. Kundi la WhatsApp la "wateja wetu" nalo huweka namba ya kila mwanachama mbele ya wageni asiowajua. Mwanamke aliyeingizwa kwenye kundi la namna hii bila kuulizwa anaweza kuanza kupigiwa simu usiku na watu asiowafahamu. Orodha ya matangazo ya programu hiyohiyo hupeleka ujumbe kwa kila mtu peke yake bila kuonyesha namba za wengine.

Kuki

Kuki ni faili ndogo ambayo duka la mtandaoni huiacha kwenye kivinjari cha mgeni ili limtambue akirudi. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, na kazi ya mwanzo ya kuki ilihusu hasa maduka: kukumbuka alichoweka mnunuzi kwenye kikapu cha ununuzi. Baadaye kampuni za matangazo zilizitumia kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama ya vema kabla mgeni hajakigusa si ridhaa. Duka dogo la shanga au vikapu kwa kawaida haliziweki kuki za ufuatiliaji kwa kukusudia. Huja pamoja na kiolezo kilichonunuliwa, vitufe vya mitandao ya kijamii na vihesabu vya wageni, na mwenye duka huendelea kuwajibika kwa vitu ambavyo pengine hajui kama vipo.

Sheria

Jimbo la Hesse nchini Ujerumani lilitunga sheria ya kwanza ya ulinzi wa data duniani mwaka 1970, likafuatwa na Sweden mwaka 1973. Barani Afrika Cape Verde ilitangulia, mwaka 2001. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ulipitishwa Malabo mwezi Juni 2014, lakini haukuanza kutumika hadi tarehe 8 Juni 2023, baada ya nchi 15 kuuridhia.

Kenya

Msingi wa ulinzi huu nchini Kenya ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachomkinga mtu asilazimishwe kutoa habari za familia yake au mambo yake ya binafsi pasipo sababu, wala zisifichuliwe. Sheria ya Ulinzi wa Data, Na. 24 ya 2019, ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na Kamishna wa Data wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Usajili wa wanaokusanya na kuchakata data ulifunguliwa tarehe 14 Julai 2022.

Kanuni za usajili humsamehe mwenye mapato ya chini ya Sh 5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, isipokuwa katika sekta zilizotajwa, kama shule, huduma za afya, hoteli na huduma za fedha. Maduka mengi ya vyondo, ya shanga na ya mawe ya Kisii huangukia ndani ya msamaha huo. Bahati mbaya wengi huuelewa kana kwamba umewatoa chini ya sheria yote. Msamaha ni wa usajili peke yake. Muuzaji mdogo bado anapaswa kumweleza mteja kwa nini anachukua taarifa zake, kuchukua zile tu anazozihitaji, kumwonyesha akiomba kuziona, kusahihisha zilizokosewa, kufuta zisizokuwa na kazi tena, na kuacha kumtumia matangazo akikataa. Simu yenye majina ya wateja ikiibiwa, na kukiwa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika, ana saa 72 za kumwarifu Kamishna.

Malalamiko huchunguzwa na kuamuliwa ndani ya siku 90. Adhabu ya kiutawala haizidi Sh 5 milioni, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia ikiwa hiyo ni ndogo zaidi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja Sh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na mgahawa mmoja wa Nairobi Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuwa ameridhia. Uamuzi wa pili unawagusa mafundi moja kwa moja, kwa kuwa picha ya mteja akiwa amevaa gauni jipya ndilo tangazo lao la kwanza.

Tanzania

Haki ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977, nayo iliingizwa pamoja na haki nyingine za msingi katika marekebisho ya 1984. Sheria Na. 11 ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa Zanzibar inahusu mambo ya Muungano pekee. Kifungu cha 14 kinakataza kukusanya au kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa, jambo ambalo kwa fundi wa Mwenge ni zito kuliko kwa mwenzake wa Machakos. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Nchi jirani

Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2019 na Rwanda mwaka 2021.

Wanunuzi wa Ulaya

Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, humfuata hata muuzaji aliye nje ya Umoja huo iwapo anawalenga wateja walio humo, kwa mfano akitaja bei kwa yuro na kuahidi kupeleka mzigo Ujerumani. Mtalii anayenunua dukani Arusha hakidhi sharti hilo.

Taarifa za mafundi wenyewe

Sheria humlinda kila mtu ambaye taarifa zake zinashikwa, awe mnunuzi au mtengenezaji. Hata hivyo, upande wa mtengenezaji ndio unaofichuliwa kuliko wote. Bidhaa za soko la nje huning'inizwa kikadi chenye picha ya mwanamke aliyesuka kikapu, jina lake, kijiji chake, idadi ya watoto wake, na mara nyingi habari za ujane wake au ugonjwa wake. Taarifa za afya na za familia zimewekwa na sheria ya Kenya katika kundi nyeti linalohitaji ulinzi wa ziada. Msusi aliyekubali kupigwa picha siku ya mafunzo hakukubali habari za maradhi yake zisomwe na wasiomjua, wala picha yake iendelee kutumika miaka mingi baada ya yeye kuacha kusuka. Ridhaa inayostahili jina hilo huombwa kwa lugha anayoielewa, naye akaonyeshwa kikadi chenyewe kabla hakijachapwa. Akikataa, vikapu vyake viendelee kununuliwa kama kawaida.

Hali ya sasa

Nchini Kenya biashara ndogo inayoamua kujisajili hulipa Sh 4,000 kwa cheti cha miaka miwili. Nchini Tanzania usajili ulitakiwa ukamilike tarehe 31 Desemba 2024, kisha muda ukaongezwa. WhatsApp, ambayo ndiyo ofisi ya wauzaji wengi, ilileta jumbe zinazojifuta Novemba 2020, kwanza kwa siku 7, na Desemba 2021 ikaongeza saa 24 na siku 90. Muda wa siku 90 unatosha oda nyingi za kushona, tangu kupima hadi kurekebisha. Ramani au picha ambayo bodaboda ameshaihifadhi kwenye simu yake haifutwi na mpangilio huo, na muuzaji hana budi kumwomba aifute mwenyewe.