Kitabu cha Ubatizo na Uraia wa Mtu

Wayuda waliporudi toka Babeli, kisha amri ya mfalme Siro ya mwaka wa 538 mbele ya Kristu, jamaa zingine za makuhani zilitafuta majina yao katika vitabu vya ukoo, wala hazikuyaona. Kitabu cha Ezra, sura ya 2, chatuambia kwamba walikatazwa ukuhani. Si kwamba walihakikishwa kuwa wageni. Maandiko tu yalikosekana.

Shida hii ingali kwetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewakimbiza watu wengi wa Mbau, Oicha na Eringeti. Nyumba ziliungua, na vyeti pamoja nazo. Mtoto akifika Butembo mikono mitupu, nani atamshuhudia kuwa Mkongomani?

Tutazame sheria. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilitaka babu mmoja awe wa kabila lililokaa Kongo mbele ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1981 ilirudisha tarehe hiyo nyuma mpaka 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004 yataja makabila yaliyokuwa ya nchi hii wakati wa uhuru. Tarehe zilibadilika, lakini swali ni lile lile: wazazi wako ni nani?

Huko Irlandi, tarehe 30 Juni 1922, nyumba ya maandiko ya Leta iliteketea mjini Dublin kwa vita. Vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki vilipona, kwa kuwa vilikaa parokiani. Hata leo mjukuu wa ng'ambo anayedai uraia kwa babu yake, cheti cha kuzaliwa kikikosekana, aweza kuleta cheti cha ubatizo wa babu.

Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko mwaka wa 1563 kuandika ndoa na wasimamizi wa ubatizo. Kodeksi ya 1917, kanuni 470, iliongeza: kila mwaka nakala ya vitabu ipelekwe kwa askofu. Kodeksi ya 1983 haikuirudia amri hiyo, lakini penye vita hekima yake yaonekana wazi.

Cheti cha ubatizo hakimpi mtu uraia. Mtoto asiyeandikwa kwa Leta katika siku 90 huhitaji hukumu ya tribunali. Na mbele ya hakimu, kitabu chetu ni shahidi.

Basi, wakatekista, andikeni vema jina la baba, la mama, kijiji na tarehe. Nasi mapadri tupeleke nakala Butembo, kabla ya moto si kisha moto.