Karabai, ndagala na ugomvi wa nani kalimaliza ziwa

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Hatua hiyo imefufua swali la siku nyingi: nani anapunguza ndagala, samaki ambao Kigoma wanaitwa dagaa? Kwenye mwambao wa Burundi, kutoka Magara katika Bugarama kuteremka hadi Rumonge, ni rahisi kuilaumu taa ya mvuvi, na ni rahisi vilevile kulaumu joto la dunia na kumwosha mvuvi mikono. Ukiifuata historia ya taa hiyo, hakuna jibu kati ya hayo mawili linalosimama peke yake. Kuvua kwa taa hakukuwa dhambi. Tatizo ni kwamba kila hatua ya maendeleo yake iliondoa kizuizi kimoja, na hakuna aliyeweka kingine.

Uvuvi wa ndagala ni uwindaji wa kuvuta, si wa kufukuza. Katika misitu ya Kongo mwindaji huigiza mlio wa funo ili mnyama anayepita aje mwenyewe. Amerika ya Kaskazini wawindaji hupuliza vifaa vinavyoiga sauti za paa, au hugonganisha pembe, ili dume lidhani kuna mpinzani. Ziwani mwanga ndio unaoita. Mchana ndagala hukaa kilindini. Usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula, na mukeke, yaani mgebuka, huwafuata wao. Taa ikining'inia juu ya maji, kundi lililokuwa likipita hukusanyika chini yake. Lakini mbinu hii ina adui mmoja asiyehongwa: mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu, na vyombo hupumzika ufukweni. Kwa hiyo kabla ya serikali yoyote kufikiria kulifunga ziwa, mwezi ulikuwa ukilifunga kwa siku kadhaa katika kila mzunguko wake.

Vizuizi vingine vilitoka kwenye vifaa vyenyewe. Zamani mvuvi aliwasha moto ndani ya mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini. Kuni zilikwisha, na mkono ulichoka. Karabai ilileta mwanga mkali na wa kudumu, ila ilitaka mafuta ya taa, na mafuta yana bei. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Kigiriki waliokuwa Usumbura, Bujumbura ya leo, walileta meli na nyavu kubwa za kuzungushia, na katika muongo huohuo ikaingia katamarani: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa chini ya taa na kuinuliwa samaki wakishajaa. Miaka ya 1980 katamarani ilikua ikawa Apollo, yenye wavu mpana na taa nyingi zaidi. Vita vilivyoanza 1993 viliifanya kazi ya usiku kuwa ya hatari, na uvuvi wa meli kubwa ukafifia. Leo kuna taa za betri na za sola, ambazo hazingoji mafuta.

Ugomvi mkubwa ulizuka kati ya wataalamu kuhusu sababu ya samaki kupungua. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba ya kilindini haipandi. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa takriban 20%, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa karibu 30%. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walijibu kwamba takwimu za samaki waliovuliwa zinaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya hali ya hewa: vyombo vikipungua au vikihama, mavuno hushuka hata kama ziwa ni lilelile. Kisha mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba matope ya sakafu ya ziwa na kuonyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua pamoja na ongezeko la joto, kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza.

Wapo wanaoushika utafiti huo wa mwisho na kuuliza: kama joto ndilo lililoanza, kwa nini mvuvi wa Rumonge aadhibiwe? Hoja ina uzito, ila inaishia njiani. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvumilia mtego unaozidi kuwa mkali. Ukubali hesabu za O'Reilly au za Sarvala, unafika palepale, kwamba kinachochukuliwa lazima kipungue kwanza. Joto halizimwi ufukweni, taa inazimika. Pingamizi la pili ni zito zaidi: miezi mitatu bila kazi ni miezi mitatu bila chakula, na Burundi inamiliki takriban 8% tu ya ziwa, kwa hiyo kufunga peke yake ni kuwaachia majirani samaki. Ndiyo maana nchi nne za ziwa hilo zilitia saini mkataba mwaka 2003 na kuunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Kufunga kwa pamoja ndiyo kazi yake halisi. Lakini anayefunga ziwa bila kumwandalia mvuvi njia ya kuishi anamfundisha kuvunja sheria. Mwezi ulimpumzisha mvuvi siku chache kisha ukamrudishia kazi yake. Sheria inayochukua nafasi ya mwezi haina budi kuwa na haki hiyohiyo: iwabane wote kwa usawa, ianze na Apollo zenye taa nyingi kabla ya mtumbwi wa lusenga, na iambatane na msaada wa kuivuka miezi mitatu.