Matuta ya Uluguru: kutoka amri ya mkoloni hadi malipo ya mnunuzi wa maji

Abiria anayeshuka Stendi ya Msamvu mjini Morogoro hununua chupa ya maji, hunyoosha miguu, kisha hupanda tena basi kuendelea na safari ya Dar es Salaam. Upande wa kusini milima ya Uluguru imesimama mbele ya macho yake, na vilele vyake vinapita mita 2,600. Mvua inayoangukia miteremko ya mashariki ya milima hiyo, Matombo, Kinole na Kibungo, huingia Mto Ruvu. Ruvu nao ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambako sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka. Hivyo mkulima wa mlimani na mkazi wa Kinondoni wana jambo la kuzungumza. Historia ya mazungumzo hayo ni ndefu, na ilianza vibaya.

Wajerumani waliufunga msitu wa juu mwaka 1909 ukawa hifadhi. Waluguru wakabaki kulima chini ya mpaka wa msitu, kwenye mashamba yenye mwinuko mkali. Watu waliongezeka, muda wa kupumzisha ardhi ukapungua, udongo ukaanza kushuka na mvua. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi. Kila kaya ilitakiwa kuyachimba, na asiyechimba alitozwa faini.

Wataalamu wa mkoloni hawakusikiliza. Udongo wenye rutuba wa Uluguru ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi unaufukia na kuibua udongo mfu, mahindi yakadumaa. Ardhi yenyewe ni ya ukoo wa upande wa mama. Mume anayelima shamba la ukoo wa mkewe alikuwa na sababu gani ya kuvunjika mgongo kwa kazi ambayo faida yake ingekuja baada ya miaka mingi, kwa watu wa ukoo mwingine? Hakuna ofisa aliyemjibu. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo wakiukataa mpango huo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango wa matuta ukaachwa. TANU, chama cha siasa kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata milimani wasikilizaji waliokuwa tayari wamechoshwa na amri.

Nusu karne baadaye wazo la soko liliingia katika maji, na liliingilia mjini kabla ya kupanda mlimani. Agosti 2003 kampuni ya binafsi ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam. Mei 2005 Serikali ilivunja mkataba huo, ikaundwa DAWASCO, shirika la umma. Katika mzozo wote ule wa bei, mita na mabomba, sikumbuki mkulima wa Kibungo akitajwa hata mara moja. Waliokuwa wakigombania maji hawakumfikiria mtu aliyekaa kwenye chanzo chake.

Aliyemfikiria alikuja mwaka 2006. Mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango wa kumlipa mkulima kwa huduma anayoitoa kwa mto. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara: tope la Ruvu linamgharimu anayesafisha maji, basi anayenufaika na maji safi amlipe anayezuia tope. Kwingineko duniani malipo ya aina hiyo yalikuwa yameshaanza. Costa Rica ilipitisha sheria ya kulipa wenye misitu mwaka 1996, na mwaka uliofuata jiji la New York lilikubaliana na wakazi wa milima ya Catskill kulinda mabonde yao badala ya kujenga mtambo wa kusafisha maji kwa mabilioni ya dola.

Huko Uluguru mashirika hayo yalichagua bonde dogo la Mfizigo, katika vijiji vya Kibungo, Lanzi, Dimilo, Nyingwa na Lukenge. Wanunuzi waliosaini walikuwa DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Mkulima alichagua mwenyewe: matuta ya ngazi, fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), mikanda ya majani au miti. Shamba lake lilipimwa, naye akalipwa kwa eneo na kwa aina ya kazi. Ngazi zile zile zilizowafanya babu zao wakusanyike Matombo zikachimbwa kwa hiari. Mkulima alipata samadi na mafunzo, na alikuwa na haki ya kukataa. Nadhani haki hiyo ya kukataa ilifanya kazi kubwa kuliko fedha zenyewe.

Hata hivyo lile halikuwa soko kamili. Gharama za kupima, kufundisha na kukagua zilibebwa zaidi na wafadhili wa nje, na wanunuzi wawili hawatoshi kubeba bonde zima. Mpango ulipofikia mwisho, malipo hayakugeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Mkulima aliyepanda miti anahitaji kujua kwamba mwaka wa kumi atalipwa, na mradi wa miaka michache hauwezi kumwahidi hilo.

Oktoba 2022 kina cha Ruvu kilishuka kwa ukame na Dar es Salaam ikaingia mgawo wa maji. Tangu hapo macho ya wengi yako kwenye Bwawa la Kidunda, lililobuniwa kuhifadhi lita bilioni 190. Bwawa linahitajika. Lakini bwawa lililojengwa chini ya miteremko inayomomonyoka hujaa tope, na tope hilo litatoka kwenye mashamba yale yale.

Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro, na sheria ya mwaka 2009 inairuhusu kutoza ada watumiaji wa maji. DAWASA, mamlaka ya maji iliyorithi kazi ya DAWASCO mwaka 2018, ina wateja wanaolipa bili kila mwezi. Njia ya fedha ipo. Wizara ya Maji itenge fungu dogo la bili hizo, lipande mlimani kila mwaka bila kusubiri mfadhili, na wakulima wa Matombo na Kibungo wakae mezani wakati bei inapopangwa.