Neema ya Mungu

Neema ya Mungu, katika imani ya Kikristo, ni fadhili ambazo Mungu humjalia binadamu asiyezistahili, hasa msamaha wa dhambi na wokovu kwa njia ya Yesu Kristo. Msingi wake mkuu umo katika nyaraka za Mtume Paulo, hususan kwa Warumi na Waefeso.

Katika miteremko ya Kilimanjaro fundisho hili lililetwa hasa na madhehebu mawili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, katika Wilaya ya Hai ya leo. Walutheri hufundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema pekee, kwa njia ya imani. Matendo mema ni matunda ya neema, wala si bei yake. Wakatoliki nao hukiri kwamba neema hutangulia, ila husisitiza kuwa binadamu hushirikiana nayo na huipokea katika sakramenti. Tofauti hiyo nzito, iliyochangia kuligawa Kanisa la Magharibi katika karne ya 16, ilipunguzwa sana na Tamko la Pamoja lililotiwa saini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, kati ya Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake.